Ufunguo wa Bosi

Jumatatu ile gari la Amoni Simbeye lilikataa kuwaka, na kabla jua halijazama mtu wa kulaumiwa alikuwa amekwisha kupatikana.

Alikuwa mwanamke aitwaye Gwantwa, dereva wake. Huu ulikuwa mwaka wa nne anaendesha gari lile jeupe la viti saba. Alimpeleka Amoni Vwawa na Mbeya kwenye shughuli za duka lake la vifaa vya ujenzi, alimpeleka mkewe Judith sokoni, na siku za Jumamosi aliwabeba ndugu zao kwenda harusini na misibani. Hakuwahi kuligonga hata kwenye kisiki. Asubuhi hiyo alifika saa kumi na mbili na nusu kama siku zote, akasimama barazani kusubiri ufunguo. Ufunguo haukuwahi kulala kwake. Ulikuwa mmoja tu, ule uliokuja na gari, na kila jioni Amoni aliufungia kwenye droo ya chumbani.

Judith akatoka nao mkononi, anatabasamu. Lile kava jeusi la siku zote halikuwepo. Badala yake ufunguo ulikuwa umevikwa kava jekundu linalong'aa.

"Mama Agnes, umeupendezesha," Gwantwa alisema.

"Kava la zamani lilikuwa limepasuka, linachomoka hovyo. Jana jioni alipita kijana mmoja wa Nakonde anauza vikorokoro, akanibadilishia hapa hapa getini. Dakika tano tu."

Gwantwa akabonyeza kitufe. Milango ikafunguka, taa zikawaka na kuzima mara mbili. Akaingia, akazungusha ufunguo. Mashine ikalia, ikazunguka, ikakataa kushika. Akajaribu tena. Kwenye dashibodi, ile taa ndogo nyekundu yenye alama ya gari na kufuli, ambayo kwa kawaida huzimika mara moja, ilikuwa inapepesa bila kukoma.

Amoni akatoka ndani amevaa suti ya kijivu, bahasha ya kaki kwapani. Bahasha ile ilikuwa na zabuni ya kupeleka saruji na mabati, na mwisho wa kuipokea Vwawa ulikuwa saa nne.

"Mbona huwashi?"

"Linakataa, bosi. Naona taa ya ulinzi inapepesa. Nahisi ni huu ufunguo. Umebadilishwa kava jana, labda kuna kitu hakikukaa sawa."

"Ufunguo si umefungua milango?"

"Umefungua."

"Basi ufunguo ni mzima! Wewe unataka kumsingizia mke wangu?"

Judith aliangalia chini, akaanza kuondoa uzi ambao haukuwepo kwenye gauni lake.

Walihangaika nalo mpaka saa mbili, ndipo Amoni akakodi taksi. Barabara ilikuwa imejaa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na alipofika Vwawa ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Karani aliangalia bahasha, akaangalia saa ya ukutani, akairudisha bahasha bila kuifungua. Mtu aliyerudi Tunduma mchana ule alikuwa anatafuta wa kumlipisha hasara yake.

*

Clever, mtoto wa kaka yake Amoni, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Kuhusu magari hakujua zaidi ya kufungua boneti, lakini aliwahi kuangalia video nyingi, na alipoongea aliongea kwa sauti ya mtu aliyesomea. Alikaa kwenye usukani, akabonyeza huku na huku, akatoka anatikisa kichwa.

"Baba mdogo, hili gari limechezewa. Kuna mtu amelisomesha ufunguo mwingine. Ndivyo wanavyofanya sasa hivi. Wananakili ufunguo, wanakaa kimya, siku moja unaamka gari liko ng'ambo."

"Mtu gani?"

"Aliyeshika ufunguo muda mrefu nje ya nyumba hii."

Wote wakamgeukia Gwantwa. Jumamosi alikuwa amewapeleka dada zake Judith harusini Ruanda ya Mbozi. Walipofika Ihanda tairi ilipata pancha, akamwachia gari fundi wa tairi kama nusu saa wakati yeye anawatafutia wale kina mama chai. Mwenyewe ndiye aliyewasimulia Jumamosi hiyo hiyo, hata risiti ya tairi alimpa Amoni.

"Ufunguo ulikuwa wapi?" Amoni aliuliza.

"Kwenye gari, bosi. Alihitaji kulisogeza."

"Umemwachia mtu usiyemjua ufunguo wa gari langu!"

"Lakini Jumapili mmekwenda nalo kanisani. Liliwaka kwenda na kurudi. Kama liliharibiwa Jumamosi, Jumapili lingewakaje?"

Hilo lilikuwa swali la maana, na mtu yeyote mwenye nia ya kuujua ukweli angelishika. Clever alilitupa kwa mkono kama anafukuza nzi.

"Linajifunga baadaye. Ni kompyuta hiyo, dada. Huwezi kuelewa."

Amoni akanyoosha mkono. "Lete leseni yako."

"Leseni yangu, bosi?"

"Itakaa kwangu mpaka ukweli ujulikane. Au una nia ya kutoroka?"

Kwa dereva, kumpa mtu leseni ni sawa na mshonaji kutoa cherehani yake nje ya nyumba. Gwantwa alilijua hilo. Lakini walinzi wawili wa duka walikuwa wamesimama getini, na Amoni alikuwa mzee wa kanisa lao, na kazi ilikuwa kazi. Aliitoa kwenye pochi. Amoni aliitazama picha, kisha akamtazama yeye, kana kwamba anahakikisha kama ni mtu yule yule, akaitia mfuko wa koti.

*

Jumanne alasiri walikuja kupekua.

Gwantwa na mumewe Anyitike walipanga vyumba viwili mtaa wa Majengo, katika ua wa wapangaji wanne. Anyitike, fundi mwashi, alikuwa ametoka kazini muda huo huo, bado ana saruji kwenye kope. Akaona Amoni anaingia uani, nyuma yake Clever, nyuma yao mjumbe wa mtaa, mzee Yonathani, ameshika daftari lake la jalada gumu.

"Tumekuja kutafuta ufunguo wa pili," Amoni alisema, bila hodi.

"Ufunguo gani, mzee?" Anyitike aliuliza.

"Muulize mkeo."

Majirani wakatoka. Mama Faith wa chumba cha pembeni aliacha kufua, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa ili aone vizuri. Gwantwa aliwaambia wapekuzi waingie, maana alijua akikataa itasemwa ana kitu. Clever akaondoa godoro kitandani na kuliegemeza ukutani. Akafungua sanduku la nguo, akatoa moja moja. Akamwaga unga wa ndoo nzima juu ya khanga, akaupitisha vidole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Kisha akachukua begi la shule la Leah. Leah, binti yao wa kidato cha pili, alikuwa amesimama mlangoni na sare. Clever akaligeuza. Yakaanguka madaftari, rula, kipande cha muwa kwenye mfuko wa nailoni, na pakiti ya pedi. Akaiokota ile pakiti, akaibonyezabonyeza, akaifungua.

"Hiyo achana nayo," Gwantwa alisema.

"Ndimo vinamofichwa vitu vidogo, dada."

Nje mtu mmoja alicheka. Leah aligeuka akakimbia, akaenda kujifungia bafuni, na hakutoka mpaka giza lilipoingia.

Hawakupata kitu. Hilo lingetosha kumaliza shauri kama lingekuwa shauri la haki. Yonathani alifungua daftari, akaandika kwa herufi zake zinazolala upande, na Gwantwa akamwomba asome.

"Upekuzi umefanyika," mzee alisoma, anakohoa kidogo. "Ufunguo wa pili haujaonekana. Mtuhumiwa bado anachunguzwa."

"Mtuhumiwa ni nani, mjumbe?"

"Ni lugha ya kiofisi tu, Mama Leah."

Amoni akamvuta Anyitike pembeni, lakini alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mama Faith. "Nimeita fundi wa funguo kutoka Mbeya. Anakuja Alhamisi na kompyuta yake. Bei yake laki tisa. Mtalipa ninyi. Mkilipa, mimi sitalipeleka jambo hili mbele. Wewe ni mtu mzima, fikiria."

Jioni ile Anyitike alisaidia kukung'uta unga. Sehemu yake ilikuwa imeingia mchanga, wakaitenga kwa kuku wa jirani. Akiwa ameinamia ndoo akasema, "Mama Leah, ule ufunguo hukumpa mtu?"

Gwantwa aliacha kukung'uta, akamtazama.

"Nauliza ili nijue pa kusimama."

"Sikumpa mtu."

Akachota unga mara mbili, tatu. Kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayegusa jino bovu. "Kweli hukumpa?"

Gwantwa akachukua ndoo, akaingia nayo ndani.

*

Jumatano Anyitike hakwenda kazini. Alishinda amekaa na simu, akimpigia kaka yake Andongwisye kule Ileje, akizungumzia ng'ombe wao wawili.

"Tukiuza mmoja, pesa nyingine nitakopa kwa mafundi wenzangu," alimwambia mkewe. "Tulipe, mambo yaishe."

"Yaishe vipi?"

"Amoni atanyamaza."

"Nikilipa nimekiri, Baba Leah. Hujaona hilo? Leo nikitoa laki tisa, kesho kila mwenye gari Tunduma atasema yule mwanamke aliuza ufunguo wa bosi wake, na ushahidi ni kwamba alilipa. Nani atanipa gari tena?"

"Na usipolipa atakupeleka polisi."

"Anipeleke. Kule atasema nini? Kwamba gari lake halikuwaka?"

"Wewe unafikiri watamsikiliza nani, wewe au yeye?"

Wote wawili walijua jibu lake. Gwantwa alichukua simu ya mumewe, akampigia kaka Andongwisye mwenyewe. "Shikamoo kaka. Ng'ombe msiuze. Nasema mimi."

Wakati huo huo, upande wa pili wa mji, Judith alikuwa amekaa jikoni anamenya viazi, akajikata kidole. Tangu Jumatatu alikuwa akimkumbuka yule kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alimwona tena akilini akipasua kava la zamani kwa bisibisi, akihamisha kibao kidogo chenye betri, kisha akiuliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kibemba kama vilivyobaki atupe. Naye alimjibu, tupa. Hakujua kama jambo lile lina maana. Lakini alijua kwamba lilitokea, na alijua mumewe alivyopiga meza aliporudi na bahasha yake kutoka Vwawa. Kila alipofungua mdomo kusema, aliufunga. Gwantwa alikuwa mtu wa kazi, alijiambia. Watu wa kazi huondoka, wanapata kwingine.

*

Fundi Gibson alifika Alhamisi saa tatu. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, haongei sana, ana mkoba mweusi na miwani ya kusomea iliyofungwa uzi. Gwantwa alikuwa amekwisha kufika na Anyitike.

"Nani kakuita?" Amoni alimuuliza dereva wake.

"Ninayetakiwa kulipa ni mimi. Nataka kuona ninacholipia."

Amoni alikuwa amemwita pia Yonathani na daftari lake, ili deni liandikwe hapo hapo. Clever akajisogeza karibu na fundi na kuanza kumweleza jinsi gari lilivyosomeshwa ufunguo wa wizi. Gibson alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba asogee kidogo, anamzibia mwanga.

Akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri, akasoma kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Gari hili linatambua ufunguo mmoja tu," alisema. "Ule ule wa tangu mwanzo. Hakuna ulioongezwa, hakuna uliofutwa."

"Haiwezekani," Clever alisema.

"Tatizo ni kwamba huo ufunguo wenyewe haulifikii. Naomba niuone."

Akaligeuza lile kava jekundu mkononi, akalifungua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na kibao cha kijani na betri. Pembeni palikuwa na kijishimo kidogo, kitupu. Akakiangalia muda mrefu, akavua miwani.

"Chipu iko wapi?"

Akaeleza, akimtazama Gwantwa kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana kusikiliza. "Ndani ya ufunguo kuna vitu viwili. Hiki kibao na betri ni rimoti, kazi yake milango. Cha pili ni chipu, kidogo kama punje ya mchele, hakitumii betri. Chenyewe ndicho kinachoiambia mashine iwake. Kisipokuwepo, milango itafunguka siku nzima lakini gari haliwaki. Watu wanaobadilisha kava mitaani huhamisha rimoti, chipu wanaisahau kwenye kava la zamani, maana imegandishwa kwa gundi. Nimekutana nao wengi. Kava la zamani liko wapi?"

Sauti ya Judith ilitoka kibarazani, nyembamba.

"Nilimwambia alitupe. Liko kwenye shimo la taka."

Amoni alimgeukia mkewe, midomo imetoka mbele. Kisha, kwa mazoea ya miaka minne, akamgeukia dereva wake.

"Gwantwa, nenda kalitafute."

Anyitike tayari alikuwa ameinua mguu aende badala yake. Gwantwa akamshika mkono.

"Sikulitupa mimi," alisema.

"Nimekwambia nenda."

"Bosi, nyumbani kwangu mmemwaga unga, mmegeuza godoro, mmefungua pedi za mwanangu mbele ya wanaume. Sasa shimo ni lenu, na taka ni zenu. Nendeni."

Judith ndiye aliyekwenda. Alishuka kwenye shimo na kandambili, akachambua maganda ya viazi, mifuko na majivu ya kale, kila mtu amesimama anatazama. Baada ya robo saa akapanda na vipande viwili vya plastiki nyeusi vilivyogandwa na maganda. Gibson akavifuta kwa kitambaa, akakwangua gundi kwa ncha ya kisu, akatoa kitu cheusi ambacho kingepotea hata kwenye kiganja cha mtoto. Akakipachika kwenye kile kijishimo, akafunga, akampa Gwantwa.

"Jaribu."

Gari likawaka pale pale. Ile taa nyekundu ikazimika.

"Si laki tisa tena," Gibson alisema, akikunja waya zake. "Nipeni nauli na ya usumbufu."

Clever hakuwepo tena. Hakuna aliyemwona akiondoka. Amoni akasafisha koo, akatazama saa yake.

"Haya. Ndiyo mambo ya mashine hayo. Gwantwa, geuza gari, kuna mtu nataka kumwona Vwawa kabla ya mchana."

Gwantwa alizima gari. Akashuka, akaweka ufunguo juu ya boneti.

"Leseni yangu."

Amoni akaitoa. Ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti. Pamoja nayo akatoa noti kadhaa, amezikunja ndani ya kiganja, akazisukuma mbele kwa namna ya watu wasiotaka kuonekana wakitoa. Gwantwa alichukua leseni, noti akaziacha pale pale kiganjani.

"Sema, bosi."

"Niseme nini?"

"Kwamba ulinikosea."

"Unataka mimi, mtu wa umri wangu, nikuombe radhi mbele ya watu?"

"Ulinipekua mbele ya watu."

Amoni akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi Gwantwa akamgeukia mjumbe. "Mzee Yonathani, Jumanne uliandika. Leo andika tena. Na ya leo unipe na mimi nakala."

Mzee alijikuna shingo, akatazama ule mlango uliofungwa. Amoni ndiye aliyetoa mabati ya ofisi ya mtaa. Lakini Gibson alikuwa amesimama pale, Anyitike pale, na gari lilikuwa limewaka mbele ya macho yake. Akafungua daftari. Aliandika polepole, Gwantwa akimtajia, na walipofika mwisho akasita.

"Hayo ya mwisho ni lazima, Mama Leah?"

"Ni lazima."

Akaandika, kisha akanakili kwenye karatasi. Palipotakiwa sahihi ya mlalamikaji palibaki wazi. Judith akashuka kibarazani, mikono bado ina majivu, akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, bila kumwangalia Gwantwa usoni.

*

Walirudi kwa miguu. Anyitike alizungumza njia nzima. Alisema Mungu mkubwa, akasema yameisha, akasema pengine Amoni akipoa atamwita tena na kwamba kazi kwa sasa ni ngumu kupata. Walipokaribia kwao Gwantwa akasimama.

"Amoni ni mtu baki. Wewe uliniuliza mara mbili."

Lori lilipita likawatimulia vumbi, Anyitike akajifuta uso kwa kiganja.

Uani wapangaji walikuwepo karibu wote. Leah, aliyekataa kwenda shule tangu Jumatano, alikuwa anaanika vyombo. Mama Faith akainua kichwa kutoka kwenye beseni.

"Eh, Mama Leah, wamekuachia?"

Gwantwa alitoa ile nakala ya mjumbe, akampa mumewe.

"Soma wewe. Kwa sauti."

"Mimi?"

"Wewe."

Anyitike akaikunjua. Watu wakatoka vyumbani mmoja mmoja, kama walivyotoka Jumanne. Alianza chini chini, mkewe akamwambia apandishe sauti, akapandisha.

"Leo Alhamisi, mbele yangu mimi mjumbe, imethibitika kwamba gari la Bwana Amoni Simbeye halikuwaka kwa sababu chipu ya ufunguo ilibaki kwenye kava la zamani, lililotupwa na wenye nyumba wenyewe. Gwantwa hakuiba ufunguo, hakuuuza, wala hakumpa mtu yeyote. Na..."

Akasimama. Leah aliacha vyombo, akasogea mpaka ubavuni mwa mama yake.

"Na amepekuliwa bure," Anyitike akamalizia.

Uani hapakuwa na aliyecheka. Mama Faith alirudisha macho kwenye beseni lake, akaanza kusugua nguo ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

"Soma tena," Gwantwa alisema. "Kuanzia mwanzo."